Pesa za kishikwambi ninazo, kishikwambi sikioni: nimwambie nini dada yangu aliye Doha?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Lanet, hapa Nakuru, na ninafanya kazi katika duka la pembejeo za kilimo mjini. Kwa miaka kadhaa sasa ninamlea pia binti wa dada yangu mkubwa, ambaye alikwenda Doha kufanya kazi za nyumbani. Msichana huyo ana umri wa miaka 12, ananiita mama mdogo, na mwaka huu amefanya mtihani wa KPSEA wa kumaliza Gredi ya Sita. Ni mtoto mtulivu ambaye huchora tangu asubuhi hadi jioni. Amechora nyuma ya madaftari yake, amechora juu ya maboksi ya mbegu ninayomletea kutoka kazini, na wakati mmoja alichora ukuta mzima wa choo, jambo ambalo tulilimaliza kwa chokaa na maneno machache.

Kabla ya mtihani, dada alimwahidi kwamba angemnunulia kishikwambi cha kuchorea kwa ajili ya Krismasi. Hakusema kishikwambi chochote tu. Binti wa mwajiri wake ana Samsung Galaxy Tab S6 Lite, ile yenye kalamu inayonata ubavuni, na dada amekuwa akikipangusa vumbi na kukirudisha mezani kila siku. Sasa anataka mwanawe awe nacho kilekile, na kiwe cha rangi ya waridi. Alinitumia shilingi 45,000 kwenye M-Pesa na chini yake akaandika ujumbe: “Hizi ni za tab ya mtoto tu.”

Nimekitafuta, Mshauri. Nimepita maduka ya Kenyatta Avenue, nimeshuka hadi Mburu Gichua, nimeingia katika maduka makubwa yenye walinzi mlangoni na katika vibanda ambavyo mteja na muuzaji hawawezi kugeuka kwa wakati mmoja. Jibu ni lile lile: vilikuwepo, vimeisha, labda baada ya mwaka mpya. Duka moja lilikuwa na kisanduku chake dirishani, nikaingia kwa furaha, kumbe kilikuwa kitupu, kimewekwa pale kwa maonyesho. Rafiki yangu aliulizia Luthuli Avenue, Nairobi, na mfanyabiashara mmoja akasema anacho kimoja kilichobaki, lakini nitume kwanza shilingi 10,000 kwa nambari yake ya simu ili asikiuze kwa mwingine, kisha atakituma kwa basi. Hapa Nakuru kuna kijana anayeuza vitu vya ‘ex-UK’, vile vilivyotumika Uingereza vikaletwa kuuzwa tena. Anacho cha aina hiyo hiyo pamoja na kalamu yake, kwa shilingi 29,000, ila hakina kisanduku na rangi yake ni ya kijivu. Muuzaji mwingine ananisihi nichukue Galaxy Tab A9, ambacho ni kipya na bei yake ni ya chini zaidi, halafu ninunue kalamu kando. “Mtoto hatajua tofauti,” aliniambia.

Hapa ndipo ninapokosa usingizi. Nikichukua kile cha 29,000 nitabaki na 16,000. Mwezi wa Januari msichana huyu anaingia sekondari msingi, na sare, viatu na vitabu vyake bado. Dada hutuma pesa anapoweza, na mimi sijawahi kumwandikia hesabu ya unga wala ya sabuni, kwa sababu ni dada yangu na mtoto ni wetu. Je, itakuwa dhambi nikikinunua hicho, nikakivisha kava ya waridi, na zile pesa zilizobaki zikamnunulia mtoto huyo huyo sare? Hakuna atakayepoteza.

Mume wangu ana maoni yake. Anasema kwamba pesa hizo zinaweza kununua vishikwambi vitatu vidogo, kila mtoto wa nyumba hii apate chake, kwa sababu nyumba moja haiwezi kuwa na mtoto mmoja wa tab na wawili wa kutazama. Sikumjibu, kwa kuwa mwanangu wa kiume amekwisha kuanza kuuliza yeye ataletewa nini.

Utauliza mbona nisimwambie dada tu kwamba kimekosekana. Miaka mitatu iliyopita alimtumia kaka yetu pesa za kununua ng’ombe wawili wa maziwa huko nyumbani, upande wa Malava. Kaka alimtumia picha za ng’ombe hao, na dada akawaonyesha wenzake wote wa kule. Aliporudi likizo aliwakuta ng’ombe wake wakiwa hai na wenye afya njema, katika boma la jirani. Tangu siku hiyo, mtu akimwambia kwamba jambo limechelewa au limeshindikana, yeye huwaona wale ng’ombe. Ijumaa iliyopita aliniuliza kama nimekwisha kukinunua, na mtandao ukakatika kabla sijajibu. Atapiga tena Ijumaa hii. Nimweleze ukweli na nionekane kama kaka, au ninunue kilichopo na nyumba itulie?

Mama Mdogo,
Lanet, Nakuru.

JIBU LA MSHAURI

Mama Mdogo mpendwa,

Pole kwa mzunguko huo wote wa madukani katika wiki ambazo mji mzima unasukumana. Kwa jinsi nilivyokuelewa, hukukosa pesa na hukukosa bidii. Kilichokosekana ni bidhaa, na kukosekana kwake kumekuweka mahali pagumu ambapo ukweli wako unafanana kabisa na uongo wa kaka yako. Yeye alisema “nimenunua” ilhali hakununua, nawe unaogopa kusema “sijanunua” kwa sababu dada atasikia “nimekula”. Nadhani hofu hiyo ndiyo inayokuuma kuliko kishikwambi chenyewe, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo kabla ya kuingia katika habari za bei na kalamu.

Kwanza nataka nikuondolee mzigo mmoja. Kuisha kwa bidhaa ya namna hii mwezi wa Desemba si jambo la ajabu wala si ushahidi wa uzembe wako. Maduka mengi ya miji yetu hayaweki akiba kubwa ya vifaa vya bei ya juu, kwa sababu kila kisanduku kinachokaa rafuni ni mtaji uliolala. Huagiza vichache kutoka kwa wasambazaji wa Nairobi, na vikiisha hungojea mzigo mwingine. Aina unayoitafuta ilitoka mara ya kwanza mwaka 2020, ikafanyiwa marekebisho mwaka 2022 na tena mwaka 2024, na kadiri aina inavyozeeka ndivyo wenye maduka wanavyosita kuiagiza kwa wingi. Hata kampuni kubwa kuliko zote zimewahi kuzidiwa na wanunuzi. Mwaka 2010 Apple ilipoanza kuuza iPad ya kwanza nchini Marekani, watu walikigombania hata ikalazimika kuahirisha kwa mwezi mzima kukiuza katika nchi nyingine. Ninakueleza haya kwa sababu dada yako anaishi katika mji ambao maduka yake makubwa yamejaa vifaa, na huenda hajawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa na pesa mkononi na bado akarudi mikono mitupu. Hilo linaweza kuwa pengo la habari tu, wala si pengo la imani.

Unasema kwa uhakika kwamba akisikia neno “kimekosekana” ataona ng’ombe. Inawezekana, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Lakini naomba nikuulize kwa upole: je, umewahi kumjaribu wewe mwenyewe, au unamwogopa kwa niaba ya kaka? Barua yako yenyewe inaonyesha kwamba, baada ya ule mkasa wa Malava, aliendelea kumwacha binti yake mikononi mwako, na ni kwenye simu yako alikotuma hizo 45,000. Sijui dada yako ana moyo wa namna gani, wewe ndiwe unayemjua, ila mtu asiyekuamini hata kidogo angetafuta njia nyingine ya kuzituma.

Ukiamua kumwambia, fikiria pia namna ya kumwambia. Kaka alimdanganya kwa picha, kwa hiyo picha ya rafu tupu haitamtuliza. Pengine ndiyo itakayomwamsha. Baadhi ya watu walio katika hali yako humpigia mwenye pesa simu ya video wakiwa ndani ya duka, wakampa muuzaji simu, naye akajibiwa maswali yake moja kwa moja. Saa za Doha ni sawa na zetu, kwa hiyo saa nne asubuhi ya huku ni saa nne ya kule, japokuwa nafasi yake ya kushika simu ni jambo jingine, na hapo itabidi mpatane. Hatari ya njia hii ni kwamba anaweza kusema neno kali mbele ya muuzaji, au akalia, au akakuambia urudishe pesa zote. Neno kali likitoka, jaribu kusikiliza kama kweli linakuelekea wewe, kwa sababu mtu aliyeibiwa na ndugu mmoja mara nyingi humfokea yule aliye karibu.

Sasa tuje kwenye ushauri wa yule muuzaji wa Tab A9. Kifaa chenyewe si kibaya, na kwa mtoto wa kusoma na kutazama video kingetosha kabisa. Kwa mtoto wa kuchora ni habari tofauti. Kioo cha S6 Lite kimetengenezwa kuitambua kalamu yake, na kalamu hiyo huja ndani ya kisanduku na haihitaji kuchajiwa. Ukiikaribisha kwenye kioo bila kukigusa, alama ndogo hutokea na kuifuata, na mchoraji anaweza kulaza kiganja chake juu ya kioo bila kuharibu mchoro. Akikandamiza, mstari unanenepa, akilegeza unakuwa mwembamba. Tab A9 hakiitambui kalamu ya aina hiyo. Kalamu utakayouziwa kando itakuwa ile ya ncha laini ambayo kazi yake ni kama ya kidole, na mstari wake ni wa unene mmoja. Mtoto aliyekwisha kuchora ukuta wa choo atajua tofauti kabla ya chakula cha mchana. Na mama yake, ambaye amekishika cha mwenzake kila siku kwa kitambaa cha vumbi, ataona kwenye simu ya Ijumaa kwamba hakuna kalamu iliyonata ubavuni. Watu wawili ambao muuzaji huyo alidhani hawajui kitu ndio wanaojua zaidi. Hata hivyo, ikiwa wote wawili watakubali kwa hiari kifaa kingine kilichopo, hiyo ni shauri yao na hakuna ubaya.

Kile cha ‘ex-UK’ ninakitazama kwa macho mawili. Kwa jicho la kwanza ni kifaa kilekile hasa, kalamu ipo, na watu wengi hapa nchini wanatumia vitu vya namna hiyo kwa miaka bila tatizo. Ukienda kukiona, kaa nacho kwa muda wa kutosha, usikubali kuharakishwa. Mwambie kijana akifute data zote mbele yako kutoka kwenye mipangilio, kisha ukiwashe upya na uingize akaunti yako mwenyewe, kwa sababu kikiwa bado kimefungwa na akaunti ya mwenyewe wa kwanza, ipo siku kitadai nywila ambayo wewe huna na hakuna fundi mwaminifu atakayekusaidia. Chora mstari mrefu kutoka pembe hadi pembe ya kioo uone kama unakatika mahali. Kichomeke chaja, kisha utikise kidogo waya uone kama kinaendelea kuchaji. Uliza anakupa muda gani wa kukirudisha kikiharibika, na uandikiwe kwenye risiti yenye jina la duka, si kwa maneno.

Kwa jicho la pili ninaiona kava ya waridi, na hiyo, nakiri, ndiyo iliyonifanya niisome barua yako mara ya pili. Ninakubaliana nawe kwamba zile 16,000 zingemfikia mtoto yule yule, na sikuoni kama mwizi. Umemlisha binti wa watu kwa miaka bila kuandika hata kilo ya sukari, na mtu wa namna hiyo ana haki ya kufikiri kuhusu sare ya Januari. Ila jiulize mwenyewe, bila mimi wala mume wako kuwepo: kama jambo hili halina tatizo, kava ni ya kumficha nani? Dada aliandika neno “tu” katika ujumbe wake. Pesa alizokupa ni amana, na mwenye amana anaweza kuibadilishia kazi mara moja akiombwa, lakini mara nyingi huumia akikuta imebadilishwa bila yeye kuulizwa, hata kama imebadilishwa kwa wema. Kwa upande mwingine, kuna familia ambazo hazihesabiani hivyo, ambamo mkubwa akituma, mdogo hupanga, na hakuna anayeuliza. Kama nyinyi mlikuwa familia ya namna hiyo kabla ya mambo ya Malava, unaweza kuwa na sababu ya kuamua mwenyewe. Lakini kutokana na ulivyoandika, sidhani kama dada bado anaishi katika familia hiyo.

Kuhusu yule wa Luthuli Avenue, sitasema kwamba ni tapeli, kwa kuwa wapo wafanyabiashara halali wanaoomba malipo ya mwanzo msimu huu, wakiogopa wateja wanaoagiza na kupotea. Nitakachosema ni kwamba pesa zikitumwa kwa nambari ya mtu binafsi na akazitoa, kuzirudisha ni kazi ngumu. Ile huduma ya kupeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea nambari, haikuwekwa kwa ajili ya mnunuzi na muuzaji waliokosana. Kama rafiki yako wa Nairobi yuko tayari, aende dukani mwenyewe, afungue kisanduku, akiwashe, alinganishe nambari iliyoandikwa kwenye kisanduku na ile iliyo ndani ya mipangilio, kisha alipe hapo kwa nambari ya duka ya Lipa na M-Pesa. Kwa kifaa cha kuweka laini atalinganisha IMEI. Cha Wi-Fi pekee hakina IMEI, kwa hiyo atalinganisha nambari ya mfululizo. Muuzaji aliye na bidhaa kweli hatakataa mtu aje aione. Usisahau tu kwamba rafiki naye utakuwa umempa dhima, na kama kikivunjika ndani ya basi utakuwa na watu wawili wa kuelezana nao badala ya mmoja.

Kuna njia moja ambayo hukuitaja, nayo ni dada kukinunua huko huko aliko. Desemba huwa na Wakenya wengi wanaorudi nyumbani kutoka nchi za Ghuba, na huenda miongoni mwa wenzake yupo mmoja anayekuja huku kwetu. Chaja za Qatar zina plagi ya meno matatu ya mraba kama zetu, kwa hiyo hilo halitawasumbua. Faida kubwa ni kwamba atakuwa amekichagua kwa mkono wake, rangi ya waridi anayoitaka, na swali la nani alikula nini halitazuka. Ugumu wake nao si mdogo: huenda mwajiri wake hamruhusu kwenda madukani kwa urahisi, dhamana ya kifaa kilichonunuliwa kule inaweza isikubaliwe hapa, mbebaji atapaswa kukitangaza kwa watu wa forodha akiulizwa, na zile 45,000 zitabidi zirudishwe au zipangiwe kazi nyingine kwa makubaliano. Tena anayekibeba lazima awe mtu ambaye dada anamwamini, na baada ya kaka, orodha hiyo pengine ni fupi.

Kungoja hadi Januari kunawezekana pia, na wauzaji wenyewe wamekudokezea hivyo. Hatari yake unaijua kuliko mimi: pesa zikikaa kwenye M-Pesa katika mwezi wa karo humegwa kidogo kidogo, leo mia tano ya gesi, kesho mia mbili ya nauli, hadi siku mzigo unapofika ukakuta 38,000. Ukichagua njia hii, ziweke mahali pa peke yake ambapo huwezi kuzigusa bila kukusudia, kwa mfano katika akaunti ya kufungia akiba, na umwonyeshe dada salio. Hapo ndipo ninapouliza jambo ambalo sikuliona katika barua yako: mtoto mwenyewe anasemaje? Ana umri wa miaka 12, ameona ukitoka na kurudi, na watoto wanaolelewa mbali na mama zao husikia mengi ambayo hawakuambiwa. Huenda angeumia kusikia kwamba Krismasi itapita bila zawadi hiyo, huenda angechukulia kwa wepesi kuliko sisi wazee, hasa kama habari hiyo ataipata kutoka kinywani mwa mama yake aliyemwahidi, si kutoka kwako. Karatasi nzuri za kuchorea na penseli za rangi zinapatikana madukani kwa bei unayoimudu, ila zipeleke kama zawadi yako wewe. Usiziite za kungojea kishikwambi.

Mume wako ameona jambo la kweli, ingawa tiba aliyopendekeza inatumia pesa za mtu mwingine. Watoto watatu katika nyumba moja wataona, na kijana wako amekwisha kuona. Vile vishikwambi vidogo vya bei rahisi vinavyouzwa kama vya watoto vingine huandikwa kwenye kisanduku nafasi kubwa ya kuhifadhi kuliko iliyomo ndani, na hata vikiwa vizuri, hakuna kati yake kitakachompa msichana huyu kile alichoahidiwa. Lakini wasiwasi wa mume wako unastahili jibu, wala si kunyamaziwa. Mnaweza kuzungumza mapema, nyinyi wawili, kuhusu saa za kutumia kifaa hicho nyumbani na kuhusu wanenu watapata nini kidogo kutoka kwenu wenyewe. Jambo moja ningelitazama kwa uangalifu: mtoto anayelelewa kwa mama mdogo akilazimishwa kugawana zawadi ya mama yake tangu siku ya kwanza anaweza kuhisi kwamba analipia malazi. Mwachie nafasi ya kuwaita wenzake yeye mwenyewe. Watoto wanaochora hupenda kuonyesha.

Kwa simu ya Ijumaa sina maneno ya kukuwekea mdomoni, kwa sababu nyinyi ni ndugu na mna lugha yenu. Ningetamani tu ianze na pesa kabla ya bidhaa, kwa kuwa ndilo swali atakalokuwa nalo hata asipoliuliza: kwamba 45,000 zote zipo, haya ndiyo maduka niliyopita, hiki ndicho kilichopo na bei yake na dosari zake, wewe unataka tufanyeje? Akichagua cha kijivu kilichotumika, mtajua wote wawili kwamba ni cha kijivu kilichotumika, na kava mtainunua kwa ajili ya kukikinga. Akikataa vyote, mtangoja pamoja. Akikasirika, mwache akasirike hadi amalize, kisha umpigie tena Ijumaa inayofuata, na usimtaje kaka isipokuwa yeye amemtaja kwanza.

Mambo ya sare na ya unga ni mazungumzo mengine, na mimi ningeogopa kuyachanganya na haya katika simu moja, asije akadhani kwamba hadithi ya kishikwambi ilikuwa njia ya kumwomba pesa. Ila hayawezi kungoja milele, kwa sababu nadhani ndiyo yaliyoifanya ile 16,000 ipendeze machoni pako. Kabla ya Ijumaa, andika kwenye karatasi bei za sare, viatu na vitabu vya Januari jinsi zilivyo madukani Nakuru, na uiweke karibu na simu, hata kama siku hiyo hutaisoma.